Pengo la Baldomero

Mume wangu Baldomero alikuwa mtu wa mwili, na juu ya mwili alikuwa mbishi. Jioni za kiangazi, jua likianza kulegea, sisi wa Valdejunco hutoa viti nje, tukakaa uwanjani kupunga upepo mpaka usingizi utuite. Kila mtu na kiti chake, kila kiti na mahali pake, na mahali pa mtu hapaguswi. Cha Baldomero kilikuwa mbele ya tanuri la zamani la mkate, lile lililobomoka paa, na mgongo wake uliujaza mlango mzima. Mimi nilikaa ubavuni pake natiririka jasho. Nikimwambia, "Bwana wee, hebu sogea kidogo, unanibana," ananijibu bila hata kugeuka: "Niko sawa hapa." Ndoa nzima nilisikia jibu hilo. Akafa nalo.

Kwetu mtu akifa, mahali pa kiti chake huachwa wazi mpaka mjane wake mwenyewe apafunge, kwa kuweka kiti chake pale au kumpa mtu mwingine. Wengi hufunga baada ya mwaka. Mimi sikufunga. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na mwingine, pengo la Baldomero liko palepale kama jino la mbele lililong'oka. Shoga yangu Purificación, tunayemwita Puri, ambaye mdomo wake haujui kufungwa, aliniuliza siku moja, "Eufrasia, mwenzetu unamngoja arudi?" Nikamwambia ashughulike na soksi anayofuma, maana ilikuwa inaota mguu wa pili.

Na ni katika pengo hilo ambamo Nino alikuja kuketi.

Nino ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na ni msanifu wa majengo. Msanifu hasa, si wa kubabaisha. Alitoka hapa na sanduku lililofungwa kwa kamba akaenda kusoma Madrid, na hata ndevu hazijamkolea akashinda shindano la kujenga jumba la makumbusho kule pwani. Akalijenga lote la vioo. Jamani, picha zile! Nino kavaa nyeusi tupu kama padri, jumba linameremeta nyuma yake. Nilizikata magazetini nikazibandika kwenye jokofu mpaka jokofu likapotea. Kisha kikaja kiangazi. Mlinzi akazimia. Sanamu ya nta ya jemadari mmoja wa zamani ikaanza kuinama, ikainama, mwishowe ikalala kifuani kwa sanamu ya jirani, ambaye alikuwa askofu. Watu wa mji ule wakaliita jumba lao Kikaango, na tangu siku hiyo simu ya Nino ikanyamaza. Kazi moja ikafutwa, ya pili ikafutwa, ya tatu hata kumjibu hawakumjibu. Shemeji yake anauza makabati ya jikoni Zaragoza. Akamwambia, "Ukishindwa kabisa, mwezi wa tisa njoo dukani. Nitakupa na tai."

Kwa hiyo kijiji kilipopata fedha za kujenga Nyumba ya Wazee pale penye tanuri, na mwenyekiti wetu Remigio akamwita Nino, mimi niliwasha mshumaa kanisani. Nikawasha na wa pili, kwa sababu namjua Remigio. Hakumwita kwa mapenzi. Alitaka vioo. Alitaka jumba la kupigwa picha, watu waje kwa mabasi, na yeye asimame mlangoni akiwapokea kwa mkono mmoja na mwingine kashika mkasi wa kukatia utepe.

Nino alifika jioni, sote tumeshaketi. Alikuwa amekonda na kichwa kimeanza kung'aa. Akanibusu, akawabusu wengine, akafungua kiti chake cha kukunja, akatafuta nafasi kwa macho, na kwa kuwa alikuwa ameishi sana mjini, akaiona nafasi. Akakaa.

Vichwa vyote viligeuka. Hata sindano za Puri zilisimama.

"Nino," nikamwambia taratibu, "inuka hapo. Hapo pana mwenyewe."

"Nani?"

"Mjomba wako."

Mtoto akawa mwekundu mpaka masikioni. Yeyote mwingine angeruka kama kakalia kaa la moto. Yeye aliinuka nusu, akasimama hivyo, makalio hewani, akageuza shingo kuutazama mlango wa tanuri, akakaa tena.

"Ala!" akasema Puri. "Anarudia!"

"Shangazi, samahani, dakika moja tu," akasema Nino. Akafumba macho. Akalamba kidole akakiinua. Ndipo nilipomshika ukosi nikamwondoa mwenyewe.

Kuanzia kesho yake akaanza kazi, kama ile ni kazi. Asubuhi anatoa kiti chake, anakiweka kivulini. Kivuli kikisogea, naye anasogea. Saa za usingizi wa mchana, wakati hata mbwa wana akili ya kulala, yeye yuko uwanjani na kofia ya majani, anachora kwa chaki kando ya vivuli. Anauliza vikongwe maswali: unapopika unafungua dirisha lipi? Paka wako analala wapi saa nane? Mzee Cipriano akamjibu kwamba paka wake analala anapotaka, kama wasanifu.

Kijiji kikacheka wee. "Eufrasia, mtoto wako wa Madrid leo kajenga nini?" "Kajenga kivuli!" "Kina vyumba vingapi?" Nilikuwa nacheka nao kwa nje, lakini moyoni nilikuwa naungua. Siku moja nilimwekea supu ya nyanya ya baridi mezani, nikamkalia mbele.

"Mwanangu, mwezi wa tisa unakuja. Mchoree yule bwana vioo vyake. Kidogo tu. Upate kazi, upate jina, kisha ndio ufanye hayo ya paka."

"Shangazi, vioo nimeshajenga."

"Sasa si unavijua vizuri?"

Alicheka mpaka supu ikampalia. Halafu akanieleza, na nitasema kama alivyosema kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema hivyo magazetini. Alisema zamani alikuwa anaanza na picha, kisha anatafuta namna ya kuwaingiza watu ndani yake. Kule Kikaangoni alikaa kiangazi kizima baada ya aibu ile, kwenye benchi, akiwatazama wageni wakitafuta pa kusimama. Wote walijibanza nyuma ya nguzo moja, kwenye kivuli chembamba kama fito. "Nikaona hiyo nguzo ndiyo kitu pekee nilichojenga," alisema. "Vingine vyote niliviweka tu." Tangu siku hiyo hachori kabla hajajua watu wanakaa wapi bila kuambiwa. Anaangalia kilichopo, anaondoa kinachozuia, na akiongeza kitu, anaongeza kwa aibu.

"Kwa aibu," nikasema. "Na mwenyekiti atakulipa kwa aibu."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo nilivyojifariji. Lakini mhunzi anayekataa nyundo nimfanyeje?

Kisha nikaona alichokichora. Chaki ilizunguka tanuri lote. Hakulivunja. Kuta nene za udongo zibaki, chokaa juu, paa la vigae vya zamani, darini matete. Katikati njia pana kutoka uwanjani hadi nyuma, kwenye bonde la mto, ule upande wenye mlango tuliouziba kwa mbao miaka mingi iliyopita kwa sababu ya mbuzi. Na njia hiyo ilipotokeza uwanjani, mistari miwili ya chaki ilipita kushoto na kulia mwa pengo la Baldomero. Ilikuwa imelimeza.

"Umemgeuza mjomba wako mlango," nikamwambia.

"Shangazi..."

"Watu watamkanyaga kila siku wakienda kucheza karata."

Nino alifuta jasho. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa chaki. "Upepo unatoka hapo. Unapenya kwenye ufa wa zile mbao, unapita ndani ya tanuri, unatokea mahali alipokaa. Hapo tu, uwanja mzima. Lakini ukisema nifute, nafuta. Nitaenda Zaragoza. Sitakulaumu."

Nilirudi nyumbani nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Upepo! Nimekaa pembeni pa mtu yule maisha yangu yote, upepo niliuona wapi?

Kijiji chetu ni kidogo mno kuwa na madiwani. Wakazi wote ndio baraza, tunakutana uwanjani, na hatupigi kura kwa mkono, maana mkono huinuka ukaufuata wa jirani. Tunapiga kura kwa kiti. Wa upande huu wanabeba viti vyao kulia kwa kisima, wa upande ule kushoto, na kiti kikishatua kimesema. Siku ya kuamua, Remigio aliweka mkutano jioni, jua bado kali, ili picha yake ionekane vizuri. Alipoona Nino hachori vioo, alikuwa ameagiza mchoro kwa kampuni moja ya mjini. Ulikuwa mkubwa kama shuka: sanduku la vioo kutoka ukutani hadi ukutani, tanuri halipo, na mbele yake watu wanatembea.

"Hawa ni akina nani?" akauliza Cipriano.

"Ni ninyi," akasema Remigio.

"Mimi ni yupi?"

Watu walikuwa wembamba wote, warefu wote, hakuna hata mmoja mwenye fimbo. Mmoja alikuwa na baiskeli na mbwa wa kimjini. Puri akasema kama hiyo ndiyo Nyumba ya Wazee, basi wazee tumeshafukuzwa mle. Lakini nilisikia pia minong'ono ya kuvutiwa, kwa sababu lilikuwa linang'aa, na sisi binadamu ni kama kunguru.

"Nyumba njema si mlango," nikasema kwa sauti.

"Na hii haina hata mlango, ina vioo vinavyojifungua vyenyewe," akajibu Remigio, na watu wakapiga makofi. Nilitamani nimrushie kiatu.

Zamu ya Nino ikaja. Mungu wangu. Mtu aliyezungumza mbele ya mawaziri, akasimama pale anakuna shingo. Hakuwa na picha. Alisema kitu kuhusu udongo, kitu kuhusu kivuli, akaonyesha chaki zake ambazo nusu zilikuwa zimekanyagwa na kuku. Watu wakaanza kupiga miayo na kujipepea. Jua lilikuwa linatukaanga. Nilimwona shemeji mtu kule Zaragoza akimfunga tai.

"Basi," akasema Nino, "maneno sina." Akachukua nyundo kubwa iliyokuwa imeegemea kisima, akaingia ndani ya tanuri.

Tukasikia pigo. Tukasikia la pili. Kisha mbao za mlango wa nyuma zikaanguka kwa kishindo, na kitu cha kwanza kilichotutokea si upepo, ni njiwa. Yakafuata masizi ya mikate ya babu zetu, manyoya, na kinyesi cha njiwa kilichokauka, vyote pamoja vikamwagikia mwenyekiti na picha yake. Remigio alibaki macho tu. Puri alicheka mpaka soksi ikamponyoka.

Halafu ukaja wenyewe. Ulipanda kutoka mtoni, ukapita mle gizani kwenye kuta nene, ukatoka umebeba ubaridi na harufu ya minti ya bondeni. Ukaenea uwanjani kama mtu katandika shuka mbichi. Nilisikia tu mlio: kri. Cipriano amesogeza kiti kidogo. Kri, kri. Puri naye. Kri kri kri, uwanja mzima, wakijikokota na viti vyao matakoni, macho wamefumba, kuelekea tanuri. Remigio alipomaliza kujifuta uso, kulia kwa kisima, upande unaoelekea tanuri, kulikuwa kumejaa, na kushoto kabaki yeye na mke wake, na mke wake alikuwa ameshika kiti mkononi.

"Kura imepigwa!" akapiga kelele Puri. "Kiti kikitua kimesema!"

"Kura gani?" akafoka Remigio. "Hiyo si kura, hilo ni joto!"

"Sheria ni sheria, mwenyekiti!"

Nilikuwa naanza kumshukuru mtakatifu wangu, ndipo Nino akatoka tanurini, mweusi kama mkaa, akasema, "Mwenyekiti ana haki. Hawakujua wanapiga kura. Rudini mahali penu, mchague kwa akili zenu."

"Nino!" nikamwita. "Mjinga wewe! Kaa kimya!"

"Sitaki kushinda kwa hila, shangazi. Kule Kikaangoni nilishinda kwa picha. Inatosha."

Wakarudi, wananung'unika, viti vinaburuzwa. Na Remigio si mpumbavu. Alipanda juu ya ukingo wa kisima, manyoya bado kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Upepo upo kila mahali. Lakini nyie wenzangu, watoto wetu wako wapi? Barcelona, Madrid, Ujerumani. Jumba kama hili litawaleta. Wajukuu watataka kuja kuliona." Hapo hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu ana chumba nyumbani kilichotandikwa kitanda kisicholaliwa. Niliona Cipriano anaitazama picha upya.

Basi wakabeba viti, safari hii polepole na kwa akili zao. Puri kulia, kwa Nino. Cipriano kushoto, uso umeinama, ana mjukuu Hamburg. Mke wa mwenyekiti kulia, na kama ungeuona uso wa Remigio! Katibu akahesabu, akahesabu tena, akakuna kichwa.

"Sawa kwa sawa," akasema. "Kimebaki kiti kimoja."

Kilikuwa changu. Sikuwa nimeinuka. Nilikuwa palepale, ubavuni pa pengo, na kijiji chote kinanitazama.

"Atampa mwanawe," akasema mtu wa kushoto. "Kila mwamba ngozi huvutia kwake."

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kwa Nino, kushinda maana yake mistari ile miwili ya chaki inakuwa njia, na pengo langu halipo tena. Ukweli ni huu, nausema wazi: nilikuwa naogopa. Pengo likiwepo, Baldomero amekwenda tu mahali fulani na anachelewa. Nikamtazama Nino. Angenisihi, ningekasirika, ingekuwa rahisi. Hakunisihi. Alisimama na nyundo yake na masizi yake, akanitikisia kichwa kidogo, kana kwamba ananiambia: fanya utakavyo, makabati nayo ni kazi.

Nikainuka. Nikakibeba kiti changu. Sikwenda kulia kwa kisima wala kushoto. Nilipiga hatua moja ya pembeni, nikakitua katikati ya pengo, mgongo kwenye mlango wa tanuri, nikakaa.

Upepo ukanishika shingoni. Ukaingia chini ya nywele, ukashuka mgongoni, ukaipoza kila tone la jasho nililokuwa nalo. Jamani! Na nikajua. Hata mbao zilipokuwepo, ufa ule ulikuwa unampulizia yeye peke yake, kila jioni, kila kiangazi, na mimi ubavuni naungua!

"Baldomero!" nikapiga kelele, na nilikuwa nacheka, na machozi yananitoka bila haya. "Mbwa wewe! Mnyang'anyi! Ndiyo maana ulikuwa husogei!"

Uwanja ukalipuka. Cipriano alicheka akishikilia fimbo, kisha akabeba kiti chake kimyakimya akahamia kwetu, akisema mjukuu wake wa Hamburg hata hivyo hapendi joto.

"Eufrasia," akasema katibu, kalamu mkononi, "huko uliko ni upande upi?"

"Ni mlangoni pa nyumba ya Nino," nikasema. "Andika."

Nyumba ipo sasa. Siku paa lilipokamilika mafundi walisimika bendera juu kama ilivyo desturi, tukawachinjia kondoo wawili, na Remigio akakata utepe aliouleta mwenyewe, akiwaeleza wageni jinsi alivyoona mapema umuhimu wa kivuli. Wageni wanakuja kweli, si kwa mabasi, wawili watatu, wamevaa nyeusi, wanalamba vidole na kuviinua. Makabati ya jikoni Nino aliyanunua kwa shemeji yake, na hakupunguziwa hata senti. Simu yake inalia tena. Shule moja kusini, zahanati moja huko milimani, na kila anakokwenda anachukua kile kiti cha kukunja.

Akirudi huku, jioni, hunikuta mlangoni. Kila mtu amepanga viti pembeni ili njia ipitike, isipokuwa mimi, na wacheza karata wameshazoea kunizunguka. Nino husimama nyuma yangu na kiti chake, anatafuta pa kukiweka, anahema kwa joto.

"Shangazi," huniambia, "hebu sogea kidogo, nami nipate."

Mimi sigeuki hata kumtazama.

"Niko sawa hapa."